Lamb, mutton na mbuzi wangu: niandike nini kwenye menyu?

Mpishi wa Mkomani, Lamu

Assalamu alaykum jamani. Naomba msaada, na naomba anijibu mtu anayejua kweli, maana jambo hili limeshanitia aibu mara mbili na ya tatu siitaki.

Mimi ni mpishi wa nyumba ya wageni huku Mkomani, vyumba sita, mwaka wa tisa huu. Asubuhi nawauliza wageni watakula nini usiku, kisha nashuka sokoni pale ubavuni mwa ngome kabla jua halijapanda. Samaki hanipi tabu. Changu, chewa, nguru, kamba, kila mmoja namjua kwa jina lake la Kiingereza, na mgeni akiletewa sahani anakuta kile alichoagiza. Tabu yangu ni nyama.

Menyu niliyoikuta ilikuwa na "lamb pilau". Aliyeiandika alikuwa keshaondoka, nami nikaendelea nayo vilevile. Pilau yenyewe ni ya mbuzi, na siku zote imekuwa ya mbuzi. Mwezi uliopita akaja bwana mmoja na mkewe kutoka Wales, watu wazima, wapole. Yule mzee alikula kidogo, akachukua kipande cha ubavu, akakigeuza kwa uma, akaniuliza kwa heshima kama hii ni lamb kweli. Nikamwambia ndiyo, mbuzi mzuri, kachinjwa leo. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwao wanafuga kondoo tangu enzi za babu yake, na lamb ni mtoto wa kondoo, mbuzi ni mnyama mwingine. Pilau aliimaliza na akaisifu. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Mtu kalipia kitu nikampa kingine, na mimi chakula siuzi hivyo.

Kesho yake nikafuta lamb kwa kalamu nikaandika mutton, kwa sababu kaka yangu aliyewahi kufanya kazi hotelini Mombasa aliniambia mutton ndiyo mbuzi. Wiki haikwisha. Mama mmoja wa Kiingereza akaniomba nisimpikie mutton, akasema kwao ni kondoo mzee, mgumu, mwenye harufu. Siku mbili baadaye ikafika familia ya Kihindi kutoka Nairobi, wakaiona mutton hiyohiyo, wakaagiza ya watu saba, wakala mbuzi wangu hadi mifupa, wakanishukuru, na hakuna aliyeuliza neno.

Sasa nani ana haki hapa? Lamb ni nini, mutton ni nini, na mbuzi wangu anaingia wapi? Menyu mpya inatakiwa kupigwa chapa kabla wageni wa Disemba hawajaanza kushuka, na nikishaichapa nitakaa nayo mwaka mzima.

Nahodha wa Shela

Dada, andika goat. Neno fupi, ndilo la kweli. Mambo yamekwisha.

Mpishi wa Mkomani, Lamu

Kaka, goat niliitaka tangu mwanzo. Nimeambiwa inawatisha wageni, wakiiona wanafikiria harufu ya beberu. Ndiyo maana nauliza kwanza hayo maneno mawili maana yake hasa, nijue ninachokataa na ninachokubali.

Mkata Nyama, Malindi

Waalaykum salaam dada. Nimekata nyama miaka kumi na mmoja kwenye bucha ya halali mjini Leicester kabla ya kurudi Malindi. Swali lako nimeulizwa pale kila wiki, na Waingereza wenyewe wakiwemo. Nitakueleza kile nilichokishika kwa mikono yangu.

Lamb na mutton zote mbili ni nyama ya kondoo. Mbuzi hamo kabisa. Kinachozitenganisha ni umri wa mnyama. Kondoo aliyechinjwa kabla ya kutimiza mwaka, nyama yake huitwa lamb. Aliyepita miaka miwili ni mutton. Kati ya hapo wafugaji wana neno la tatu, hogget, ila hilo usiliandike, maana hata wageni wengi wa Kiingereza watakuuliza ni nini.

Mchinjaji haulizi cheti cha kuzaliwa. Anafungua mdomo. Kondoo hana meno ya mbele juu, ana ufizi mgumu tu. Chini anayo manane. Ya utoto ni madogo na membamba kama punje za mchele. Kati ya mwaka na mwaka na nusu yale mawili ya katikati yanang'oka, yanaota mawili mapana. Baada ya hapo jozi inafuata jozi, hata akifika kama miaka minne mdomo umejaa. Huko Australia na New Zealand, ambako kondoo ni uchumi, meno yamo hata ndani ya sheria: tangu mwaka 2019 lamb kwao ni kondoo wa chini ya miezi 12, au ambaye meno yake ya kudumu hayajafikia kusagana na ufizi wa juu. Mbuzi naye meno yake yanakwenda vivyo hivyo, kwa hiyo ukijua kumsoma mmoja umewajua wote wawili.

Ukishamkata, tofauti unaiona kwa macho. Lamb ni ya waridi, nyuzi zake laini. Mutton ni nyekundu iliyokolea, inakaribia ya ng'ombe, na mafuta yake yakipoa kidogo tu yanaganda kwenye kaakaa la mlaji. Harufu wanayoilalamikia inakaa zaidi kwenye mafuta kuliko kwenye mnofu, na inazidi mnyama anavyokua. Kwa hiyo ukimpata kondoo mkubwa, parura mafuta vizuri kabla hujamtia chunguni, malalamiko mengi yatakwisha hapo.

Ugumu nao una sababu. Zile tando na kano zinazofunga nyuzi za nyama hukomaa kadiri mnyama anavyoishi. Moto mkali wa haraka hauziwezi. Zinataka maji, moto mdogo na muda, ndipo ziyeyuke na kuupa mchuzi uzito wake. Mbavu za lamb unazichoma dakika chache kila upande zikaliwa bado za waridi ndani. Ukifanya hivyo kwa mutton mgeni hataweza kuitafuna, lakini ukiiacha jikoni saa mbili na nusu, tatu, utapata mchuzi ambao lamb haitakupa hata siku moja. Mimi kwa pilau naipenda mutton kuliko lamb, na nasema hivyo baada ya kuzipika zote.

Kwa nini wana maneno mawili? Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, wakatawala kwa lugha yao. Mchungaji akabaki na sheep yake, jina la kienyeji. Mezani kwa mabwana likakaa neno la Kifaransa la kondoo, mouton, ambalo kwa Kiingereza likawa mutton. Ng'ombe, ndama na nguruwe yakawakuta hayohayo, ndiyo maana mnyama ana jina moja zizini na jingine sahanini. Hayakutengana kwa siku moja. Karne nyingi mtu aliweza kusema mutton akimaanisha kondoo anayetembea. Lamb lakini halikuguswa. Ni neno lao la kale, likabaki la mnyama na la nyama yake. Sisi tunasema nyama ya ng'ombe, nyama ya kondoo, nyama ya mbuzi, mnyama anaingia jikoni na jina lake. Naipenda lugha yetu kwa hilo.

Na yule mama aliyeikataa mutton usimlaumu. Zamani mutton ndiyo iliyokuwa nyama yao ya kawaida, kwa kuwa kondoo alifugwa kwanza kwa ajili ya sufu, akanyolewa miaka na miaka, kisha akachinjwa akiwa mkubwa. Mwaka 1882 meli iitwayo Dunedin ilifika London kutoka New Zealand na karibu mizoga 5,000 iliyogandishwa, na sehemu kubwa ilikuwa mutton, lamb ilikuwa chache. Baadaye sufu ikashuka thamani, vitambaa vya nyuzi za kiwandani vikaenea, kondoo akawa anachinjwa mdogo. Mutton ikapotea mabuchani hadi watu wakaijua kwa sifa mbaya tu. Wana hata msemo wa kumsimanga mwanamke mtu mzima anayevaa kisichana, wanamwita mutton aliyevishwa kama lamb. Mwaka 2004 Charles, ambaye sasa ni mfalme wao, alipokuwa bado mwana wa malkia alianzisha kampeni ya kuirudisha mezani. Bucha letu hatukuhitaji kampeni, wateja wetu wa Kipakistani na wa Kisomali hawakuwahi kuiacha.

Kwa hiyo mgeni wako wa Wales ana haki, na yule mama ana haki. Kaka yako wa Mombasa naye kuna mahali kalitoa lile neno, ila hilo nawaachia wengine.

Mke wa Biriani, Malindi

Hilo nitalieleza mimi, maana nimeolewa kwenye familia ya Kihindi hapa Malindi mwaka wa ishirini na moja sasa.

Kwa Wahindi na Wapakistani wengi mutton ni mbuzi, bila shaka yoyote. Waingereza walipotawala kule walikwenda na neno lao. Kule mbuzi ndiye aliyekuwa mwingi na ndiye aliyependwa katika sehemu nyingi, neno likamkalia mbuzi. Kuna sehemu mutton inaweza kuwa kondoo au mbuzi, mradi si ng'ombe. Waliohamia pwani yetu walikuja nalo, na kutoka jikoni mwao likaingia kwenye mahoteli ya Mombasa. Kaka yako kalisikia huko.

Mkwe wangu, Mungu amrehemu, akiniambia leo tupike mutton nilikuwa naleta mbuzi, mkono na shingo, na mifupa yake yote. Siku moja bucha lilikuwa na kondoo tu, nikaona ni yaleyale, nikamletea. Alionja mchuzi kwa ncha ya kijiko, akaniuliza, "Binti, umeninunulia nini?" Biriani ile haikuliwa na mtu isipokuwa watoto.

Kwa hiyo ile familia ya Nairobi haikudanganywa. Kwa Kiingereza chao waliagiza mbuzi wakapata mbuzi.

Jikoni Casuarina, Malindi

Mimi nimewapikia Waitaliano miaka mingi huku Malindi, na wao hawana mchezo na hili. Agnello ni mtoto wa kondoo. Castrato ni kondoo dume aliyehasiwa, mkubwa kidogo. Capretto ni mtoto wa mbuzi, na hicho ndicho wanachokipenda wakati wa Pasaka. Ukiwapa mbuzi mkubwa ukamwita capretto wanajua kwa tonge la kwanza. Dada, kwa nini usiandike kid, ambalo ndilo capretto kwa Kiingereza? Linasikika vizuri kuliko goat na halimtishi mtu.

Mkata Nyama, Malindi

Ndugu yangu, kwa hapo tutatofautiana. Kid ni mbuzi wa miezi michache, ananyonya au ameacha juzi. Mbuzi anayeuzwa soko la Lamu si huyo. Dada ataondoka kwenye kosa la lamb aingie kwenye kosa lilelile kwa mlango mwingine. Marekani kuna wauzaji waliobuni neno chevon kwa kulitoa kwenye Kifaransa cha mbuzi, ili wasiseme goat, na hadi leo wateja wengi hawalijui. Mimi naona mtu akishakuwa na nyama nzuri hana haja ya kuificha.

Maalim wa Langoni, Lamu

Assalamu alaykum. Nimesoma habari ya meno nikafurahi, kwa sababu wanafunzi wangu hunijia na jambo hilihili kila Mfunguo Tatu, watu wanaponunua wanyama wa udhia.

Sisi tunaofuata madhehebu ya Shafii, kondoo wa udhia awe ametimiza mwaka na kuingia wa pili, au meno yake ya mbele ya utoto yawe yameng'oka kabla ya hapo, baada ya miezi sita. Mbuzi awe ametimiza miaka miwili na kuingia wa tatu. Mafakihi humwita mbuzi aliyefikia kiwango chake thaniyy, na neno hilo limetokana na thanaya, yaani yale meno ya mbele ya katikati. Mchinjaji wa Leicester na fakihi wanatazama mahali pamoja.

Basi mkizitazama hesabu hizo, kondoo aliyetimiza mwaka wake akachinjwa siku ya Idi Kubwa, nyama yake kwa Kiingereza cha Uingereza si lamb tena. Nimeona watu wakiwaandikia jamaa zao wa ng'ambo kwamba wamechinja lamb. Ukimwandikia hivyo Mwingereza aliyesilimu atadhani umechinja mnyama asiyefikia umri, na udhia wako ataushuku bila sababu.

Mpishi wa Mkomani, Lamu

Maalim, shikamoo, na nyote nawashukuru. Sikukaa na maelezo yenu tu, nimeyapeleka sokoni.

Juzi Jumatano nilimkuta ami anayeniuzia nyama kaweka kichwa cha mbuzi mezani, bado hakijachunwa. Nikamwambia, "Ami, nifunulie mdomo." Akanitazama, akaniuliza, "Yeo una nini?" Nikamwambia nataka kuhesabu meno. Akautia kidole gumba chini ya mdomo akauvuta. Juu hamna kitu, ufizi tu, mgumu na wenye weusi. Chini katikati mawili mapana, meupe, yamesimama kama mlango wa mbao mbili, na pembeni yake matatu matatu madogo. Nimenunua nyama pale miaka tisa na sikuwahi kuyaona. Mbuzi wa mwaka na miezi, basi. Si kid, na fundi wa Casuarina anisamehe, neno hilo siwezi kulitumia. Ami alisema mbuzi wake wengi ni wa umri huo au zaidi kidogo.

Kisha nikamtuma nahodha anayevuka Mokowe kila siku aniletee kondoo mdogo kutoka kwa watu wanaoshusha mifugo kutoka bara. Alikuja Alhamisi jioni, mwili mweupe, kichwa cheusi tititi, nywele fupi kama za mbuzi, hana sufu hata kidogo, na mkia mnene wenye mafuta kama kifuko. Meno yake manane yote yalikuwa madogo. Huyo sasa ni lamb, na ndiye wa kwanza kuingia jikoni mwangu tangu niandikwe kazi.

Ijumaa baada ya swala niliwasha majiko mawili. Sufuria mbili sawa, bega la kondoo huku, bega la mbuzi huku, ndimu, tangawizi, thomu na chumvi kipimo kimoja, papai bichi sikutia popote ili nisijidanganye. Kondoo dakika arubaini uma ulikuwa unaingia. Mbuzi ilifika saa nzima na robo. Supu ya kondoo ilikaa na mafuta juu unene wa ukucha, na ilipopoa yakaganda meupe. Ya mbuzi ilikuwa safi, rangi ya chai nyepesi, na ilipoingia kwenye mchele na bizari zake kila punje ilisimama peke yake. Ya kondoo mchele ulilainika ukashikana, mafuta yaliushinda. Nilimpa jirani yangu sahani mbili bila kumwambia, bibi wa miaka sabini na kitu, akaitenga ya mbuzi akasema hii ndiyo pilau.

Nimejua basi kwamba mbuzi hakuwekwa mahali pa lamb kwa upungufu. Pilau yetu imejengwa juu yake. Aliyeandika lamb kwenye menyu ile alidhani anaipandisha hadhi, na kumbe alikuwa anaificha nyama inayoifanya iwe hivyo. Nimesikitika nilivyoibeba miaka tisa.

Kwa hiyo nimeandika hivi. Pilau ni "goat pilau", na chini yake mstari mmoja wa kueleza kwamba ni mbuzi wa hapa, kachinjwa asubuhi ileile, kapikwa na mifupa yake. Kuhusu hofu ya harufu ya beberu nimeongeza kwamba ni mbuzi mdogo wa umri, kwa sababu sasa naweza kuliapia hilo, nimetazama meno. Biriani nimeiita "mutton biriani", jina ambalo wageni wa Kihindi wanalitafuta, na hapohapo chini nimesema imepikwa kwa mbuzi, ili Mwingereza naye asiikimbie akidhani ni kondoo mzee. Kama kuna anayeona mutton nayo niiondoe kabisa aniambie leo, kwa kuwa hilo ndilo pekee ambalo moyo wangu haujatulia nalo.

Mke wa Biriani, Malindi

Iache. Umeshaieleza chini yake, hakuna atakayepotea.

Mkata Nyama, Malindi

Iache, naungana naye. Na lamb je, umeitupa?

Mpishi wa Mkomani, Lamu

Sikuitupa. Nimeiweka mstari wa mwisho, peke yake, mbavu za lamb za kuchoma, mgeni aagize siku moja kabla. Boti la Mokowe likileta kondoo mwenye meno manane madogo nitampikia. Lisipoleta nitakwenda mezani kwake nimwambie leo hakuna.